Nilivyomchagulia Mama Lenzi ya Jicho

Jamani, leo mama yangu amenivua nguo mbele ya daktari. Na aliyempeleka ni mimi!

Niko Geita, nafanya kazi stoo ya mgodi. Mama yuko kijijini, Kishapu. Dada alipiga simu: mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anahitaji upasuaji. Nikajitwika hilo jukumu. Wiki nzima nasoma kwenye simu kuhusu lenzi wanazopandikiza wakishatoa ile yenye ukungu. Kuna ya kawaida, unaona mbali vizuri ila kusoma unavaa miwani. Kuna ya mbali na karibu. Kuna inayoongeza na kati. (Nilifikia kuwafundisha wenzangu wakati wa chakula. Mungu anisamehe.)

Leo asubuhi mimi na mama tukawa kwenye benchi la kliniki ya macho, Shinyanga mjini. Nikaanza darasa. Mzee wa pembeni akaniita daktari. Sikumkatalia!

Tukaitwa. Daktari, mwanamke mpole, akamwamkia mama. Kabla marahaba haijaisha mdomoni nikadakia: "Tunataka ile ya mbali, kati na karibu. Mama yangu hatavaa miwani tena."

"Ni nzuri," akasema, "ila wengine usiku wanaona miduara kwenye taa, na kwenye mwanga hafifu inapungua nguvu. Mama anatokaga nje gizani?"

"Hatoki. Saa moja amelala."

"Kazi zake?"

"Anapumzika tu. Nilishamwambia aache yote."

"Macho yalianza kusumbua lini?"

"Kama mwezi hivi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Kaka, nilikuwa namuuliza mama."

Mama akajifunga khanga upya. Taratibu. (Wanaomjua wangekimbia hapo hapo.)

"Mwanangu daktari, mimi saa kumi na moja alfajiri niko kwenye baiskeli, napeleka mboga mnadani Mhunze. Pikipiki zikinimulika, natumbukia mtaroni. Mara mbili sasa."

"Mama! Si nilikukataza?"

"Ulinikataza, nikasema sawa. Sikusema siendi."

Nesi akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima linasikiliza!

"Na haya macho yalianza mwaka juzi, msimu wa pamba," mama akaendelea. "Krismasi ulinionyesha picha ya mjukuu wangu kwenye simu. Nikasema kafanana na wewe. Sikuwa naona kitu, mwanangu. Nilikuwa nakufurahisha."

Nikakosa pa kutazama. Krismasi ile nilikaa nyumbani siku nne. Nilimwona anapapasa kikombe mezani, nikamwambia, "Mama, umezeeka!" Tukacheka wote wawili.

Daktari akaanza upya, safari hii akimwambia mama. Mimi nimeshika mkoba tu. Mama akauliza maswali matano, yote ya maana kuliko wiki yangu nzima ya kusoma. Akachagua ile ya kawaida, ya kuona mbali. "Ya kusomea nitavaa miwani. Kwani wachungaji hawavai?" Jicho la kwanza wiki ijayo.

Nje nikamwomba msamaha. Akasema, "Umenileta, asante. Lakini siku nyingine niulize mimi. Bado nina mdomo."

Msinicheke. Wewe mwenyewe, mama yako saa hii anaona mpaka wapi?