App Yangu Ilivyomwita Deputy Waru Mbovu

Ijumaa, saa nane na dakika ishirini mchana. Ndiyo saa niliyoumbuka.

Mnajua mimi siongei. (Mwalimu akiita majina asubuhi, naitika kwa kunong'ona.) Lakini nimetengeneza app ya simu. Unapiga waru, yaani kiazi, picha, inakuambia kama ni nzima au imeanza kuoza. Ni ya shosho, bibi yangu. Ana stoo ya waru huko Molo na macho yamemchoka, kwa hivyo majibu nilirekodi kwa sauti yangu. Klabu ya kompyuta inapeleka mradi mmoja tu kwa mashindano ya kaunti, na wa kusaini fomu ni naibu wa mwalimu mkuu, tunayemwita Deputy.

Madam wa kompyuta alikuwa ameniambia: "Kazi ya kuchunguza picha iweke kwa uzi wa nyuma. Uzi wa mbele uuachie skrini na vidole vya watu." Nikasema ndiyo, Madam. Sikuweka. Kwa simu kuukuu ya mama picha ni ndogo, mambo yalikuwa yanaenda sawa. (Mtu mnyamavu akiwa na kiburi ni shida, hakuna anayekigundua mapema.)

Deputy akasema tutumie simu yake. Mpya, kamera kubwa. Akaweka waru mezani, akabonyeza.

Skrini ikaganda.

Uzi ni kama mfanyakazi ndani ya app, na yangu ilikuwa kantini yenye mtu mmoja. Akiingia ndani kukaanga mandazi, dirishani hakuna wa kukujibu, gonga utakavyo.

"Imekufa?" Deputy akauliza.

"Inafikiria, mwalimu."

"Inafikiria nini na ni waru tu?"

Akabonyeza tena. Na tena. Na tena. Halafu akaigeuza simu, akaisogeza usoni, akachungulia lenzi ya nyuma kama mtu aliyeangusha kitu kisimani. Hakujua kwamba kila alipobonyeza, app iliweka hiyo kazi kwa foleni. Mimi nilijua. Sauti ya kumwambia ndiyo sikupata.

App ikaamka. "Hii ni nzima," ikasema kuhusu waru. Deputy akatabasamu.

Kisha foleni ikasonga. Kacha. Ikampiga picha yeye.

"Hii imeanza kuoza. Itenge, isiambukize zingine."

Kacha. Ikarudia. Mara ya tatu ilipata kipara peke yake, na jibu halikubadilika.

"Nani huyo anaongea?"

Darasa zima likanionyesha kidole.

"Mwaka mzima huongei," Chebet, jirani yangu wa dawati, akaninong'oneza, "na siku ya kuongea unamtusi Deputy?"

Deputy akakunja fomu bila kusaini. "Kesho saa nne naituma. Kama hiyo kitu itakuwa imepata adabu, niletee."

Jumamosi, naongezea. Saa moja asubuhi nilikuwa maabara na Madam. Nimehamisha uchunguzi wote kwa uzi wa nyuma, na kitufe kinajizima mpaka jibu lifike. Saa tatu nikabisha ofisini kwa Deputy, mwenyewe. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, skrini ikaendelea kutii kidole chake, jibu likaja mara moja tu.

Akafunga mlango. Akashusha sauti.

"Ile ya jana. Huwa inakosea?"

"Inajua waru pekee, mwalimu. Ukiionyesha kitu kingine, inakiona waru tu."

Akashusha pumzi, akasaini.

Kwa hivyo naombeni, wa kucheka acheke kwa uzi wa nyuma. Mbele huku niko na kaunti.