Swala ya Saa Kumi kwa Muharami

Weka dau unalotaka, hii hutaiamini: Muharami, fundi cherehani wa Nyakato, mtu ambaye hata maji ya chai akichemsha yanaungua, alipika nyama ya swala ikalainika kama maini.

Chanzo ni mdomo. Alimwambia mkewe Sabiha, mbele ya wageni, kwamba kupika sio kazi. "Ni maji na moto tu. Mimi nikishika mwiko, mtaa mzima mtahamia hapa." Sabiha alikunja khanga zake, akaenda kwa baba yake kule Bunda. Wiki mbili Muharami kala maandazi. Ndipo simu ikaja.

"Pika basi, baba aje ale. Akimaliza sahani, narudi. Akibakiza, baki na mwiko wako."

Muharami akajiona kashashinda. Kuku? Kuku ni chakula cha wanaojifunza. Akaenda bucha la nyamapori, lile la Boniphace lenye leseni, akanunua kilo mbili za swala. Halafu akamtumia mkwewe, Mzee Abdulsalam, ujumbe: *Baba, Jumamosi saa kumi karibuni kwangu kwa swala.*

Jumamosi akawasha mkaa. Jirani yake Masatu, Mkatoliki wa Nyegina, akavuta kigoda aone maajabu.

"Fundi, mafuta umeweka?"

"Masatu, mnyama anakimbiaga siku nzima, mafuta atoe wapi?"

"Ndo maana nakwambia umuwekee wewe."

Masatu alipogeuka, Muharami akaweka samli kijiko kimoja, haraka kama anaiba. Basi. Chumvi, kitunguu, tangawizi, maji ya kufunika, moto mdogo, masaa matatu. Binzari hakuweka. Sio ujuzi, hakujua iko kopo lipi.

Saa kumi Noah ikasimama. Akashuka Mzee Abdulsalam, akashuka Sabiha, halafu wakashuka wanaume tisa wa msikitini kwao, kila mmoja na mswala wake kwapani.

"Baba, na hawa je?"

"Mwanangu, niliposoma kwamba unatuita kwa swala, chozi lilinitoka. Nikasema mkwe wangu kageuka mtu. Nikawaita na wenzangu tuje tuswali na wewe."

Muharami akatazama watu, akatazama sufuria. Zile kilo mbili zilishasinyaa kama shati la pamba lililofuliwa na maji ya moto. Akatawadha, akaingia safuni. Waliokuwa nyuma yake wanasema hawajawahi kuona mtu ananyenyekea vile. Wenyewe hawakujua: rakaa zote nne alikuwa anagawa vipande kwa kumi na mbili.

Wakakaa mkekani. Muharami akafunua sufuria, na harufu ikawasogeza wote karibu. Mzee akanawa, akachukua pande moja, akalipeleka mdomoni. Sabiha kasimama mlangoni, macho kwenye mkono wa baba yake.

Mkono ukasimama.

"Nyama gani hii?"

"Swala, Baba."

"Swala." Mzee akaangalia mswala wake, akamwangalia mkwewe, akaelewa. Angecheka, lakini alikuwa na swali. "Kachinja nani?"

Sasa hapo. Kwenye mabucha ya ng'ombe hayo hayaulizwagi. Mchinjaji ni Amini, anaswali safu ya mbele, mji mzima unamjua. Muharami tangu azaliwe hajawahi kuuliza. Akampigia Boniphace, akaweka spika.

"Kachinja nani?" Boniphace akashangaa. "Kaka, yule wa porini. Felisian, mwindaji wetu, kampiga risasi, kaanguka, kafa. Ulitaka asimame foleni asubiri kisu?"

Mzee akarudisha pande kwenye sahani, polepole, kama anamlaza mtoto wa watu. Akanawa tena. Watu kumi wakanawa nyuma yake, na wengine hawakuwa wamegusa kitu.

"Sisi wa Nyegina," Masatu akasema kutoka uani, "hatunaga ugomvi na Felisian."

Sufuria likavuka kwa jirani. Kutoka huko ikasikika sauti ya mtu anayetafuna kwa heshima. "Fundi, aisee. Meno sijayatumia." Ndo shahidi pekee wa mapishi yale, na Masatu anajulikana kwa uongo.

Sabiha akatoa sufuria jingine, akakaanga dagaa, akasonga ugali. Nusu saa, watu kumi na mbili wanakula. Mzee Abdulsalam akamaliza sahani, akaongeza nyingine, kisha akamgeukia binti yake.

"Mama, tunaondoka wote au unabaki?"

"Nabaki, Baba. Nikimwacha huyu atalisha watu kibudu kuanzia hapa mpaka Butiama."

Jumatatu wateja wakajaa kwenye cherehani, hawana hata nguo ya kushona, wanataka kusikia fundi atajiteteaje. Muharami akapitisha uzi kwenye sindano.

"Sikuuliza kachinja nani," akasema. "Hapo nilikosea."