Chapati Nne kwa Mbogo wa Mugutha

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi kali. Chapati zinapoa kabla sijazigeuza. Lakini moyo wangu unawaka kama jiko!

Maxine wa redio ametangaza asubuhi kwamba Jumamosi kutakuwa na mieleka Ruiru. Mieleka ya ulingo, kamba na mkanda unaong'aa! Redio inatafuta mchambuzi, mtu wa kawaida tu. Atatazama mechi na kutuma maoni yake kwa ujumbe wa sauti. Utakaopendeza utachezwa hewani Jumatatu, na mwenyewe awe mchambuzi wa kila mwezi.

Kila mwezi! Nani mwingine kama si mimi? Wakonyo wa Kiganjo, muuza chapati na ndengu, aliyeanza kutazama mieleka kwenye TV Shiko wangu akinyonya. Shiko sasa ana mume.

Nimepiga simu. Maxine ameniita mum, akasema nimo. Kisha akaongeza, kwa furaha isiyo na sababu, kwamba kuna mwingine wa Kiganjo aliyejiandikisha. Anaitwa Odongo.

Odongo! Fundi cherehani! Kibanda chake kimeegemea changu, ukuta ni bati moja. Ana sauti nene, akikohoa sufuria zangu zinaitikia. Mchana nimemsikia akifanya mazoezi. "Mabibi na mabwana..." Bati likatetemeka. Nimeligonga kwa mwiko. Akanyamaza, akasema kwa adabu, "Pole, Mama Shiko." Adabu yake inanichosha.

Jioni Baba Shiko ameuliza kwa nini chai haina sukari. Nilikuwa nafikiria.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango.

Kuna kijana anaitwa Muoki. Mpana kama mlango wa godauni. Anafanya kazi ya mjengo hapa karibu, mchana anakula kwangu. Nyumbani kwake ni Theta, na ulingoni anaitwa Radi ya Theta. Jumamosi atapigania mkanda na Mbogo wa Mugutha, mechi ya mwisho.

Nimemuuliza nani atashinda. Akasema hilo ni Mungu anajua. Nikamwongezea ndengu. Akasema mieleka ni jasho na ukweli, hakuna anayejua mapema. Nikamwongezea chapati, na avokado juu. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mathe, usiniuze. Mimi naangushwa. Mbogo atanigonga mgongo na kiti, nilale, refa ahesabu."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema wamefanya mazoezi wiki nzima.

Mazoezi! Nimekaa juu ya gunia la makaa bila kujali gauni. Wamepanga! Miaka yote hii! Kuna mwaka nilifunga chakula kwa sababu ya goti la mtu aliyevunjwa kwenye TV. Nilimtaja kanisani wakati wa maombi. Watu wakaitikia amina!

Nimehuzunika kwa muda mrefu, mpaka chapati moja ikaungua.

Kisha nikaona faida. Kama mechi imekwisha kabla ya kuanza, kwa nini uchambuzi usubiri?

Jumatano, 6 Agosti

Nimerekodi!

Nimerekodia nyuma ya nyumba, kwenye kuku. Ndani haiwezekani, Baba Shiko ni mlinzi wa usiku na mchana anakoroma. Nimejieleza vizuri. Nimesema wachambuzi wa ng'ambo hupima mechi kwa nyota, lakini nyota hazishibishi mtu, mimi napima kwa chapati. Nne ndiyo alama ya juu.

Kisha nikaingia kwenye mechi. Nimesema Mbogo aliinua kiti, ukumbi ukanyamaza. Nimesema Radi ya Theta alianguka kama blanketi lililokatikiwa na kamba. Nimesema refa alihesabu na akina mama wakalia. Chapati nne kwa Mbogo wa Mugutha, bingwa wetu mpya!

Jogoo akawika katikati. Nimerudia. Akawika tena, palepale. Nimemwacha. Ukisikiliza bila ubaya, ni kama mshabiki.

Alhamisi, 7 Agosti

Haitoshi mimi kuwa sahihi. Lazima Odongo akosee.

Alikuja kuomba kaa la moto la pasi yake. Nikamvuta kando. Nikamwambia kwa siri kubwa kwamba nimesikia kutoka ndani kabisa: Radi ya Theta ndiye atakayeshinda. Nikamshauri atayarishe maneno yake mapema, amsifu Radi.

Nilidhani atashuku. Aliweka mkono kifuani. "Mama Shiko, wema huu hata ndugu yangu Obiero hangenitendea." Akachukua gauni langu la Jumamosi, akalipinda upindo, akalipiga pasi, akakataa kabisa nimlipe.

Nimeona aibu kidogo, kama jiwe kwenye ndengu. Nikalitema. Nikaendelea kula.

Ijumaa, 8 Agosti

Haiya! Rachael!

Rachael ni mwenyekiti wetu wa akina mama kanisani. Hatembei bila mwavuli, na mwavuli wake haujawahi kutumika kwa mvua peke yake. Leo ametangaza kwamba kesho ni usafi wa kanisa, na hataki kusikia sababu.

Nikasema nina mgonjwa Ruiru.

Akauliza ni nani. Nikasema kijana mmoja, Muoki. Akauliza anaumwa nini. Nikasema mgongo. Huo si uongo! Kesho jioni mgongo wake utakuwa umepigwa na kiti. Ni habari iliyotangulia tu.

Rachael akasimama. Nikadhani ananikemea. Akafunga macho. Akasema vumbi la kanisa linaweza kungoja, mgonjwa hawezi. Kesho akina mama wote tunakwenda pamoja na Wakonyo kumwona huyo kijana.

Wote! Wanja analeta unga. Nyawira analeta thamosi ya uji. Wamechagua na nyimbo!

Baba Shiko amesema niwaambie ukweli. Ni mtu mzuri, lakini hajui mipango.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa na sauti iliyokauka. Niseme kwa utaratibu.

Tulifika Ruiru na vitambaa vyetu vyeupe kichwani. Mlinzi wa mlango alituona tuko wengi na thamosi, akadhani sisi ni kwaya ya ufunguzi. Akatukalisha mstari wa mbele! Odongo alikuwa ameshakaa, suti ya kijani, ameishona mwenyewe. Rachael akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema ni mkaidi, amekuja kazini na ugonjwa wake, atatokea.

Mechi ya kwanza: Mwalimu Fimbo na Nduthi Kali. Nduthi Kali alitakiwa kuingia kwa kishindo juu ya pikipiki. Ikazima mlangoni. Mwalimu Fimbo, adui yake, alishuka ulingoni kumsaidia kusukuma. Baada ya hapo hawakuweza kuchukiana vizuri. Chapati moja.

Mechi ya pili: mapacha wawili wenye barakoa dhidi ya wachinjaji wawili. Mapacha walifanana mno, wakachanganyikana wao wenyewe. Mmoja alimrukia mwenzake kutoka juu ya kamba na kumlaza kabisa. Wachinjaji wakashinda wakiwa wamesimama tu. Nusu chapati, na imeungua.

Mechi ya tatu: Malkia wa Makongeni na Dada Moto. Ngai! Hawa ni wanawake! Walirushana kama magunia ya viazi sokoni. Dada Moto alinyakuliwa wigi, akalinyakua tena, akalivaa kinyumenyume, akashinda bila kuona mbele. Chapati tatu na nusu. Hapo nikageuka, nikamwona Rachael amesimama juu ya kiti. Anapiga kelele kuliko kondakta wa stendi! Nikamwambia akae. Hakunisikia.

Kisha taa nyekundu, na Muoki akatoka. Chupi ya kung'aa, radi imechorwa tumboni. Akaruka kamba kwa mkono mmoja.

Rachael akanigeukia polepole. "Huyu ndiye mgonjwa?"

Nikasema ndiyo. Akauliza huo ugonjwa uko wapi. Nikasema mgongo, haujitokezi nje. Akatafakari. Akasema kweli hata marehemu mama yake alikuwa hivyo, akilima mchana na kulia usiku. Akaanza kumtazama Muoki kwa huruma kubwa.

Mbogo wa Mugutha akaingia. Pembe kichwani, vumbi la unga miguuni. Wakashikana. Yote yakaenda kama Muoki alivyosema. Mbogo akashuka, akachukua kiti. Akakiinua. Nikatoa simu. Nikatuma. Ujumbe ukaenda. Nikaegemea nyuma kama mwenye shamba la mananasi.

Kumbe Rachael ameona kiti kinaelekea wapi.

"Si mgongo!" akapiga yowe. "Huo mgongo ni mgonjwa!"

Alipitaje kwenye kamba sijui. Ana kisukari na magoti mabaya. Mwavuli ulitua kwenye pembe za Mbogo. Mbogo akasahau kuwa mbogo. "Mum, ni nini sasa?" Mwavuli ukatua tena. Akarudi nyuma, akajikwaa kwenye kiti chake mwenyewe, akaanguka chali. Muoki naye alikuwa anamkimbia Rachael. Akajikwaa kwa Mbogo, akamwangukia kifuani. Refa alimtazama Rachael, akatazama mwavuli, akafanya kitu pekee anachokijua. Akahesabu!

Radi ya Theta bingwa! Ukumbi ulipasuka!

Na mimi? Nilipaswa kulia. Nilikuwa juu ya kiti, nimemshika Wanja shingo, napiga mayowe. Kwa muda ule nilisahau kwamba wamepanga. Kwa sababu hawakuwa wamepanga! Mieleka ya kweli, mbele ya macho yangu, baada ya miaka yote. Chapati nne. Chapati tano!

Nyawira alimnywesha Mbogo uji. Alikuwa anauhitaji.

Ndipo nikakumbuka simu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejaribu kuufuta ule ujumbe jana usiku. Nikabonyeza haraka. Umefutika kwangu tu. Kwa Maxine uko, mzima kama siku ulipozaliwa.

Kanisani mchungaji ameuliza mgonjwa wa Ruiru anaendeleaje. Rachael amesimama, mwavuli mkononi umepinda. Amesema amepona, na ameshinda. Kanisa lote likapiga makofi. Hakuniuliza chochote. Sijamwona na furaha hivyo tangu achaguliwe mwenyekiti.

Jumatatu, 11 Agosti

Kiganjo yote imewasha redio. Niliisikia kutoka vibanda vyote kwa wakati mmoja, hakukuwa na pa kukimbilia.

Maxine amecheza ujumbe wa Odongo kwanza. Niseme ukweli, ulikuwa mtamu. Alisema mwavuli ulishuka kama hukumu. Alisema Radi ya Theta alishinda kama alivyojua atashinda, na akamshukuru jirani yake Mama Shiko, mwanamke wa moyo safi, aliyemfunulia.

Kisha Maxine akasema kuna mechi nyingine iliyochezwa Kiganjo peke yake. Akacheza wangu. Kiti, blanketi, akina mama wanalia, Mbogo bingwa, jogoo! Maxine alicheka mpaka akashindwa kusoma matangazo ya vifo. Ilibidi aweke wimbo.

Mchana wateja wamenunua chapati huku wakiwika. Lakini wamenunua. Zimekwisha mapema kuliko siku zote.

Kiti cha mchambuzi kimekwenda kwa Odongo. Alikuja kibandani, akasimama ameshika kofia. Nikajua amegundua.

"Mama Shiko," akasema, "mimi uliniambia Radi. Wewe ukarekodi Mbogo. Ulifanya hivyo ili mimi nishinde?"

Nikamtazama. Nikafikiria.

"Ndiyo, jirani," nikasema.

Akalia! Akajifuta kwa kitambaa cha suruali ya mtu. Ameahidi kunishonea gauni jipya, rangi nitakayochagua mimi. Nimechagua zambarau.

Jumanne, 12 Agosti

Siku njema. Jua limetoka hatimaye. Baba Shiko ameisifu chai.

Maxine amepiga simu. Amesema watu wamenipenda, wanauliza yule mum yuko wapi. Jumapili kuna mashindano ya kwaya za makanisa hapa Thika, na redio inataka mimi niyachambue. Lakini ameniomba jambo moja. "Mum, please, safari hii utazame kwanza."

Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama yangu. Nikamwambia nimejifunza, na nikahisi nimejifunza kweli, kifuani kabisa.

Kisha nikaenda kuchota maji, nikapita kanisani, nikasikia kwaya yetu ikifanya mazoezi. Wako tayari hao! Nani atawashinda?

Nimesharekodi. Kwaya yetu imechukua kikombe. Besi waliyumba kidogo mwanzoni, lakini wakajirekebisha kwenye ubeti wa pili, na mwisho ukumbi mzima ulisimama. Machozi yalinitoka.

Nimetuma.