Griffin Aache Kuniorodheshea Indiketa

Chumba cha Kompyuta,
Ushirika wa Mpunga Bonde Letu,
Mamboleo, Kisumu.

Kwako Mama Wangechi, Meneja wetu tunayemheshimu,

KUH: KIJANA GRIFFIN NA ORODHA YAKE

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili lakini moyo umeumia.

Ndani ya programu za mashine yetu kuukuu mna swichi tisini na tisa, tunaziita indiketa. Moja ikiwaka, jina la mkulima linakuwa jekundu. Nyingine ikiwaka, nafasi ya kujaza kilo inajifunga. Nilizipanga mimi, miaka thelathini na moja iliyopita, na zote ziko kichwani. Sasa huyu Griffin uliyemwajiri Januari anapita skrini moja moja akiandika kila indiketa inawashwa wapi na inafanya nini. Haki ya nani, nimevumilia vya kutosha.

1. Amegundua kwamba indiketa 47 ina kazi tatu katika skrini tatu, akatangaza mbele ya Celestine wa mapokezi utadhani ni kesi ya uzinzi. Mimi ni baba, ni katibu wa kamati ya mazishi, na ninaimba besi kanisani. Nani amenifungulia faili?

2. Ili nisizisahau, nilizipa majina ya watu wa nyumbani. Ile inayofunga skrini nzima ni mama mkwe wangu wa Pap Onditi. Griffin anataka niitaje aibandike ukutani. Mama, wewe si wa huku, lakini uliza yeyote: jina la mama mkwe halichezewi. Likibandikwa nitaenda kwake na uso gani? Itabidi nipeleke mbuzi wa kuomba radhi, na mbuzi huyo ni wa ofisi kununua.

3. Aliniuliza, "Mzee, ukiugua leo, nani atajua?" Huko ni kunitakia mabaya. Tangu 1998 sijalazwa.

4. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nasema wazi, naogopa. Mkishapata karatasi, mimi nitakuwa wa nini? Usione vyaelea, vimeundwa.

Kwa hivyo naomba orodha ichomwe, Griffin ahamishiwe ghala la Katito akahesabu magunia, nami niongezewe miaka kumi.

Nisalimie mumeo Mzee Mathenge na watoto, wanakamati wote, na mama wa chai.

Ni mimi, mtunzaji wa indiketa zote,
Obiero Oluoch

T.B. Kabla sijafunga bahasha, Celestine amepiga simu. Skrini ya kupokea mpunga imegoma, wakulima wamepanga foleni hadi barabarani, na mvua imeanza. Nimezima indiketa kumi na mbili, bado. Majina yote nayakumbuka, Mama. Namba ndizo zimenitoka. Mpunga wa watu ukilowa utaota ndani ya magunia. Tafadhali mtume Griffin aje na ile orodha, mbio. Na kama hajaimaliza, mwambie nitakaa naye hapa mpaka iishe, hata kama mkataba wangu utaisha kwanza.