Dirisha Lisilojua Utani

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Umoja wa Zahanati za Watu Binafsi, Masasi mjini.

Bwana Mwenyekiti, pokea salamu za Mzee Bwanali, mpiga chuku wa huku mashambani, upande wa Lisekese. Mtu akiumwa mgongo toka hapa mpaka Newala, pembe zangu za kuumikia ndizo zinazomnyoosha. Shule sikuipita hata kwa nje, basi maneno ni yangu na mkono ni wa mke wangu Somoe, aliyesoma kisomo cha watu wazima. Nikitia chumvi yeye huacha kuandika, kwa hiyo yote utakayoyaona humu ni kweli tupu.

Naishtaki zahanati ya Tegemeo ya hapa kwetu njia panda, mali ya daktari Fortunatus. Naishtaki kwa heshima.

Kisa ni mguu. Nilikuwa nafyeka chini ya mikorosho, panga likaruka likanipiga kwenye muundi. Panga likapinda. Mguu nao ukapata kidonda kidogo, cha kulihurumia panga tu. Sasa kidonda kimeota jeuri, kinanuka na kinapanuka, na Sista Yasinta wa zahanati ya serikali ameniambia, "Babu, hiki kikifika mfupani mguu unakatwa." Na korosho ndiyo hizo zinaanza kudondoka. Nani ameokota korosho kwa mguu mmoja? Malalamiko yangu haya hapa.

1. Fortunatus ni Mmakonde wa Newala, mimi ni Myao. Ni mtani wangu tangu babu zake waliposhuka mlimani kutafuta maji, babu zangu wakawaonyesha kisima kwa sharti la kutukanwa. Nikimng'olea mihogo yake haniiti mwizi. Akinivua kofia msikitini mlangoni sigombi. Na siku ile alinipokea vizuri kabisa: "Karibu Myao! Nikikupima damu najua nitakuta maneno matupu." Nikamwambia, "Pima, lakini usiinywe, najua kwenu maji shida." Wagonjwa walicheka mpaka wengine wakapona. Nikajua mambo yamekwisha. Kumbe baada ya matusi kuna dirisha.

2. Dirishani kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna binti anaitwa Julia, katoka mikoa ya mbali huko. Ananiambia, "Karibu mteja." Bwana Mwenyekiti, mteja ni mtu anayechagua dagaa. Mimi pale nimechagua nini, kidonda? Akauliza, "Babu, una bima?" Nikasema ninayo, bosi wako ni mtani wangu. Yule binti si mbaya, alibonyeza kompyuta yake akatafuta kwa moyo mmoja, kisha akasema, "Babu, utani haumo humu." Nikamwita Fortunatus aje kumfundisha kazi. Akatazama viatu vyake, akasema, "Mzee wangu, hilo dirisha si langu peke yangu, benki iliyonikopesha nayo imo." Mtani wangu kuniita "mzee wangu"! Hapo ndipo nilipojua ugonjwa ni mkubwa.

3. Msiseme niende serikalini, natoka huko. Pale wamebandika maandishi ukutani, MZEE KWANZA, na wanayafuata barabara. Nikifika tu vijana wote wananipisha, nami nakuwa mtu wa kwanza kuambiwa dawa hakuna. Sista Yasinta ana roho nzuri. Ameniosha kwa maji ya chumvi, akaniandikia dawa kwenye karatasi, akanyoosha kidole: iko kwa Fortunatus.

4. Redioni nasikia kila siku kwamba serikali na watu binafsi wameshikana mikono katika afya. Mimi nimewaona kwa macho yangu wakishikana. Mmoja ana kalamu, mwingine ana dawa, mimi nina mguu.

5. Hili ndilo linaloniuma kupita kidonda. Nikifa, Fortunatus lazima aje. Ni mtani. Atashika jembe la kaburi, atazuia jeneza njiani, atachechemea kama mimi mpaka wajane wacheke, na hatadai hata chai. Sasa kama kunizika ni bure, kunitibu kunalipiwa kwa nini? Nguvu za kuchimba shimo refu anazo. Kidonda nacho ni shimo, tena dogo.

6. Kwa hiyo naomba mtoe amri. Kila zahanati ya binafsi iwe na dirisha la watani, lisilo na kioo. Mgonjwa atukanwe, atukane, apewe dawa. Myao atibiwe na Mmakonde, Mngoni atafute wa kwake, na asiye na mtani apewe na serikali. Nchi nzima itapona, na wazungu watakuja Lisekese kusomea matusi.

Nangoja majibu nikiwa nimekaa, kusimama siwezi. Nisalimie wanaumoja wote, wake zao, na hata huyo benki kama ana familia. Somoe naye anakusalimu, anasema nisicheleweshe dawa kwa ajili ya kushinda hoja.

Wako katika uchungu wa mguu wa kushoto,
Mzee Bwanali

Nyongeza: Wino haujakauka, mama yake Fortunatus kaingia kwangu kupigwa chuku, mgongo umemkaza. Anasema kwa mwanawe lile dirisha limemuuliza bima hata yeye. Akajilaza mkekani: "Haya Myao, nitibu, sisi watani." Nikamwambia, "Mama Fortunatus, utani uvulie pale nje pamoja na viatu. Hizi pembe hazikuota kichwani kwangu. Jogoo kwanza." Amenitukana vizuri sana, kisha akamleta. Basi hilo dirisha la watani mkilifungua, lisifike kwangu, kazi ni kazi. Jogoo mwenyewe namjua, ni wa banda la Fortunatus. Kesho asubuhi nampitisha kwa Julia nipewe dawa ya mguu, na akiuliza bima, jogoo atamjibu.