Uzinduzi wa Kituo cha Vipuri vya Mabafu Kongwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya Mtaa, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Kaimu wa Makamu, waheshimiwa wajumbe mliofika na mliotuma udhuru, mafundi bomba wenye leseni na wenye uzoefu, wapangaji wa ghorofa za juu, na nyinyi wapangaji wa ghorofa za chini ambao kwa miaka mingi mmekuwa mkipokea maji ya wenzenu kupitia darini, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi, lakini pia mtoto wa maghorofa haya, niliyezaliwa humu humu, na ambaye, bila kujisifu, maana kizuri chajiuza, nilikuwa wa kwanza katika idara nzima kulitamka neno koki kwenye kikao rasmi. (Makofi hafifu.)

Ndugu wananchi, changamoto ya vipuri ni mtambuka. Mabafu yenu yalifungwa vifaa enzi za babu zetu, na kiwanda kilichovitengeneza siku hizi ni ghala la magodoro. Mpangaji akienda dukani kutafuta washa, kile kipira cha ndani ya koki, anaambiwa anunue koki mpya. Akinunua koki mpya, haiingii kwenye bomba la zamani. Akitaka kubadilisha bomba, lazima avunje ukuta. Akivunja ukuta, anamkuta jirani anaoga. (Kicheko.) Msicheke, hayo yamo kwenye ripoti ya fizibiliti stadi.

Ndipo ofisi yangu ikabuni mkakati jumuishi wa Kituo cha Vipuri vya Mabafu Kongwe, chenye rafu, kompyuta na dawati la huduma kwa mteja, kitakachopunguza uvujaji kwa asilimia themanini na saba nukta nne, na asilimia zinazobaki tutazitafutia wafadhili. (Makofi. Mzee mmoja anauliza rafu ziko wapi, anaombwa akae.)

Wataalamu walishauri kwamba kipuri hakitafutwi kwa mdomo, lazima fundi awe na sampuli mkononi. Kikosi kazi kikapita bafu kwa bafu na spana. Koki mbovu zote zilikuwa zimeshikana kwa kutu, zikagoma. Iliyokubali kufunguka ni moja tu, ya Bibi Mkunga wa ghorofa ya nne, kwa sababu ilikuwa nzima. Tukaichukua. Tangu siku hiyo bomba lake limezibwa kwa kijiti na kitambaa, na ninazo taarifa kwamba anapandisha maji kwa ndoo, ngazi zote zile, kwa magoti yale. Idara inautambua mchango wake.

(Bibi Mkunga anasimama, ameshika bega la jirani yake, fundi bomba. "Mwanangu, nilikupokea kwa mikono hii," anasema. "Kituo sikitaki. Nirudishie koki yangu, magoti yameisha.")

Ahsante, bibi. Hiyo ndiyo fidibaki tunayoihitaji, na itaundiwa kamati ndogo. Kilio chako kimenichoma moyo, ila tuwe na subira, haba na haba hujaza kibaba. (Sauti kutoka nyuma inauliza ni nani atakayekipandisha hicho kibaba hadi ghorofa ya nne. Kicheko kirefu.)

Sasa tuseme pamoja. Vipuri! (Umma: Kwa wote.) Koki! (Umma: Isivuje.) Uwajibikaji! (Umma haukufundishwa kiitikio hiki.)

Kwa kumalizia, namshukuru seremala aliyetuazima mlango huu niliokatia utepe, na naomba mtu yeyote asijaribu kuufungua, kwa kuwa umeegemezwa tu ukutani na nyuma yake hakuna chumba. Zaidi ya wote namshukuru Bibi Mkunga, ambaye koki yake tuliing'arisha na kuiweka mezani hapa iwakilishe akiba yetu yote ya vipuri, kwa sababu ndiyo akiba yetu yote. Bibi, haki ya Mungu ningekurudishia leo, ila kesho tunazindua kituo kama hiki mtaa wa pili, na huko nako wanataka kuona kitu. Dereva, ichukue. Dereva? Iko wapi?

(Mezani umebaki utepe. Bibi na fundi bomba hawapo tena mstari wa mbele. Kutoka dirisha la bafu, ghorofa ya nne, inasikika spana, kisha maji.)

Basi, ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Uzinduzi wa kesho umeahirishwa.