Ndege Yenu Imeninyima Pole

Manyamanyama, Bunda
Mei 1974

Ndugu Mkuu wa Uwanja wa Ndege, Musoma,

YAH: UFUPI WA SAFARI YA BUKOBA HADI MUSOMA

Habari za kazi, ndugu. Mimi ni mkulima wa pamba katika kijiji cha Ujamaa hapa Bunda. Mwezi uliopita kijiji kilinituma Bukoba kujifunza kupanda migomba, nikarudi kwa ndege yenu. Rubani ni mtu mwema, ila alifika mapema mno. Ziwa lote lile, ambalo meli hulivuka kwa kulala njiani, yeye alilimaliza kabla pipi niliyopewa wakati wa kupaa haijaisha mdomoni. Madhara yake ni haya:

1. Mke wangu Jenoveva, mzaliwa wa hukohuko Bukoba, amekataa kunipa pole ya safari. Alinipa pole ya basi la Musoma hadi hapa, kwa kuwa vumbi alilikuta kwenye kope zangu. Ya Bukoba akasema, "Huko si uliketi tu? Umechokea wapi?" Nililala bila maji ya moto.

2. Jirani yangu Ngolo alitembea kutoka Butiama akiswaga ng'ombe mmoja. Alichinjiwa jogoo, na watu wakamsikiliza jioni nzima akisimulia habari za Butiama, ambako sote huenda. Mimi nimeliona ziwa kutoka juu, na aliyekuja ni dada yangu Ghati peke yake, kuniuliza: "Kwani ulikuwaga Bukoba kweli?" Iliniuma.

3. Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Mayala, ameamua kwamba safari fupi haina mapumziko. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwenyeji nimepewa jembe siku ya kwanza, alfajiri.

4. Hili ndilo kubwa. Mama mkwe amepata habari. Alikuja kwetu mara moja tu, akatapika melini, akaapa kutorudi, nasi tukaishi kwa amani. Sasa anasema Bunda ni hapo tu, atakuja kila mwezi kuangalia kama mwanawe anapata ndizi. Nyumba yangu ni chumba na sebule, na kwa mila zetu mimi na mama mkwe hatulali chini ya paa moja. Nitalala wapi, ndugu?

Kwa hiyo naomba ndege ikitoka Bukoba ipitie Mwanza, izunguke Ukerewe, na ikifika Musoma ingoje hukohuko juu mpaka abiria waonekane wamechoka. Mkishindwa, tupeni cheti cha uchovu chenye mhuri.

Nisalimie rubani, makarani wote, na Mihayo anayefukuza ng'ombe uwanjani. Akichelewa kuwaondoa, mimi sitamlaumu.

Wako katika Ujamaa na katika uchovu usiotambuliwa,
Magesa Stanislausi

N.B. Kabla sijafunga bahasha imefika simu ya maandishi: mama mkwe ni mgonjwa sana, amelazwa Bukoba. Jenoveva analia tangu asubuhi. Meli haitatufaa. Barua hii naileta mwenyewe, naye yuko pamoja nami; tunaomba viti viwili katika ndege ya kwanza. Rubani asizunguke popote, na Mihayo awaondoe ng'ombe mapema. Mama akipona, aje hata kila wiki, mimi nitalala kwa Ngolo. Pole ile niliyokuwa nikiidai, leo nimempa Jenoveva mimi, tena na tena, na bado haijatosha.